Namna ya Kuandaa Kongamano Ambalo Washiriki Wake Hushiriki Kweli: Mwongozo kwa Waandaaji wa Mkoa wa Kigoma

Makongamano mengi yanayofanyika mkoani Kigoma hufuata mpangilio uliozoeleka: usajili, kumsubiri mgeni rasmi, utambulisho mrefu, risala, hotuba ya ufunguzi, picha ya pamoja, chai, kisha mada tatu au nne zinazosomwa neno kwa neno kutoka ukutani hadi saa nane mchana, na mwishoni dakika chache za maswali ambazo humalizwa na wazungumzaji wale wale watatu. Washiriki huondoka na shajara na kalamu, lakini ukiwauliza wamekubaliana nini, au wamemfahamu nani ambaye jana hawakumfahamu, jibu huwa shida kupatikana. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maofisa wa halmashauri, viongozi wa vyama vya ushirika, asasi za kiraia na vikundi vya wazalishaji ambao wangependa fedha na muda wa watu vitumike vizuri kuliko hivyo.

Hoja yake ni moja. Katika ukumbi wenye wavuvi, wachakataji, wachuuzi na wataalamu waliotoka pande zote za mwambao, ujuzi uliopo kwenye viti vya kawaida ni mwingi kuliko ule uliopo meza kuu, na kazi ya mwandaaji ni kuupangia ujuzi huo saa, mahali na njia ya kusikika. Mambo mengine yote, tangu uchaguzi wa tarehe hadi upangaji wa viti, hutokana na hoja hiyo. Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho: kongamano la siku mbili la wadau wa dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika, lenye washiriki 72, linalofanyika Kigoma mjini. Anayeandaa kongamano la wakulima wa michikichi, au la wafugaji wa nyuki huko Tabora, atabadilisha majina ya vitu, lakini misingi itabaki ile ile.

Swali litangulie mada

Mada kama "Mchango wa sekta ya uvuvi katika maendeleo ya mkoa wetu" haimpi mtu yeyote kazi ya kufanya. Mshiriki anaisikia, anaitikia kwa kichwa, kisha anasubiri kuambiwa. Swali hufanya kazi tofauti, mradi liwe swali ambalo mwandaaji mwenyewe hana jibu lake mfukoni. Chukua hili: Serikali ilisimamisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Je, kipindi cha namna hiyo kikirudi, mwanamke anayeishi kwa kuanika dagaa atapata wapi kipato chake, na mvuvi atamwamini vipi mwenzake wa mwalo wa jirani kwamba naye amepumzika? Mvuvi, mchuuzi, mtafiti na ofisa wa forodha kila mmoja ana kipande cha jibu, na hakuna mwenye jibu zima. Hapo ndipo mkutano unapata sababu ya kuitishwa.

Historia ya ukanda huu inatupa mfano mkubwa. Mkutano Mkuu wa Mwaka wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 ulikuwa na swali zito mbele yake: chama kishiriki au kisishiriki uchaguzi wa Kura Tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wapo walioona kwamba kushiriki ni kuukubali ubaguzi, na wapo, Mwalimu Nyerere akiwa miongoni mwao, walioona kwamba kususia ni kuwaachia wapinzani viti vyote. Wajumbe walifika wakilijua swali, walibishana kwelikweli, wakaamua kushiriki, na uamuzi huo uligharimu: Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama cha ANC (African National Congress) cha Tanganyika. Si kila kongamano litakuwa na uzito wa namna hiyo, lakini kila mwandaaji anaweza kujiuliza kama swali lake lina uwezo wa kuwagawa watu wenye busara. Kama halina, huenda barua ingetosha, na hakuna sababu ya kuwasafirisha watu.

Swali zuri halipatikani ofisini. Wiki sita kabla ya tarehe, mwandaaji aende asubuhi kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga wakati mitumbwi inarudi, azungumze na watu kumi au kumi na wawili wa aina ile anayokusudia kuwaalika, na awaulize mambo mawili tu: ni jambo gani katika kazi yako linakukosesha usingizi mwaka huu, na ni mtu wa aina gani ungependa kukaa naye ulizungumzie. Majibu yakianza kujirudia, swali limepatikana. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Taifa ya Gombe, na lengo la awali lilikuwa kurudisha miti iliyokatwa. Wanavijiji waliposikilizwa, walitaja kwanza afya, maji, shule na kipato, na mradi ukapanuliwa ili uyabebe mahitaji hayo pamoja na misitu. Somo hilo limetoka hapa hapa kwetu, na linafaa mkutano wa siku mbili kama linavyofaa mradi wa miaka mingi.

Tarehe, mwaliko na posho

Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na taa huvuta samaki vizuri pale giza linapokuwa zito. Siku za mbalamwezi mavuno hupungua, wengi hupumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo tarehe ya kongamano la dagaa hupangwa kwa kuangalia mwezi angani kabla ya kuangalia nafasi ya ukumbi. Mwandaaji anayeita wavuvi katikati ya giza atapata wawakilishi, yaani mjomba wa mvuvi au kijana asiye na kazi usiku ule, na majadiliano yatakosa wenyewe. Kwa kongamano la wakulima wa Kasulu au Buhigwe, wiki za kwanza za mvua ziachwe. Kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua, msimu wa masoko uachwe. Mchana wa Ijumaa usiwekewe kipindi kinachogongana na swala, jambo ambalo mtu wa Ujiji hahitaji kukumbushwa lakini mgeni kutoka makao makuu huhitaji.

Washiriki wa Kagunga upande wa kaskazini na wa Kalya upande wa kusini huja kwa njia ya maji, na katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini unaweza kumchelewesha msafiri nusu siku. Walipiwe malazi ya usiku wa kabla. Mtu aliyeshuka kwenye boti alfajiri akiwa amelowa hawezi kuchangia saa tatu asubuhi, hata swali liwe zuri kiasi gani.

Mwaliko uwe ukurasa mmoja, na useme mambo manne kwa uwazi: swali la kongamano, sababu ya kumchagua mtu huyu hasa, jambo moja la kuja nalo (kwa mfano, bei ya debe la dagaa katika mwalo wake kwa miezi mitatu iliyopita), na malipo. Suala la malipo halipaswi kuachwa kwenye minong'ono. Kiasi cha nauli, malazi na posho kiandikwe kwenye barua, pamoja na siku na njia ya kulipwa, kwa sababu mshiriki anayekaa akijiuliza kama atalipwa hasikilizi chochote. Malipo yafanywe kwa simu jioni ya siku ya kwanza. Zile karatasi za kusaini zinazozungushwa meza hadi meza katikati ya majadiliano, zikifuatwa na macho ya watu wote, huharibu kipindi kizima. Zisainiwe wakati wa usajili zikaishia hapo.

Nani akae na nani

Ukumbi wenye mistari ya viti inayotazama mbele umekwisha kuamua nani atazungumza. Kwa washiriki 72, zipangwe meza 12 za watu sita sita, na kila meza iwe na mvuvi, mmiliki wa chombo, mchakataji, mchuuzi, mjumbe wa BMU (kikundi cha wananchi cha kusimamia rasilimali za uvuvi kwenye mwalo), na mtaalamu mmoja, awe ofisa uvuvi au mtafiti. Mpangilio huo una faida mbili. Kwanza, kila meza ina vipande vyote vya swali. Pili, wataalamu wanabaki mmoja kwa kila watu sita, idadi inayowatosha kusikika bila kuwafunika wengine. Namba ya meza iandikwe kwenye kitambulisho cha shingoni wakati wa usajili, vinginevyo watu waliosafiri pamoja watakaa pamoja, na maofisa watakwenda kukaa kwa maofisa.

Mwezeshaji mkuu mmoja na wasaidizi wanne wanatosha, kila msaidizi akiangalia meza tatu. Wasaidizi hawa wafundishwe kwa nusu siku, na wawe watu wanaojua kunyamaza. Mwalimu kijana wa shule ya sekondari au mhudumu wa afya ngazi ya jamii mara nyingi huifanya kazi hii vizuri kuliko mtaalamu wa fani inayojadiliwa, kwa sababu mtaalamu hushindwa kujizuia kujibu.

Vifaa ni vichache: bango kitita kwa kila meza tatu, kalamu za wino mzito, kadi za rangi mbili, selotepu, na kipaza sauti kisicho na waya. Projekta iwepo, lakini hakuna kipindi kinachopaswa kufa umeme ukikatika.

Saa ya kwanza

Utambulisho wa mmoja mmoja mbele ya ukumbi, hata ukiwa wa dakika moja tu kwa kila mtu, unakula dakika 72, na mwisho wake hakuna anayekumbuka jina hata moja. Muda huo una matumizi bora. Nimeona mara nyingi kwamba mshiriki ambaye hajatoa sauti yake katika nusu saa ya kwanza huendelea kunyamaza hadi jioni, na kadiri saa zinavyopita ndivyo kinywa chake kinavyozidi kuwa kizito. Kwa hiyo jambo la kwanza baada ya sala na maelezo mafupi ya usalama ni kila mtu kuzungumza mezani pake kwa dakika tatu: mimi ni nani, ni jambo gani tumejaribu katika mwalo wetu likafaulu, na ni jambo gani limetushinda. Kwa meza ya watu sita hizo ni dakika 18, na ndani ya dakika hizo ukumbi mzima umezungumza.

Kisha kila mshiriki aandike kadi mbili. Ya kijani ni ya jambo analolijua kiasi cha kuweza kumfundisha mwingine, na ya njano ni ya jambo analolitafuta. Asiyeandika aandikiwe na jirani yake bila kutangazwa. Kadi zibandikwe ukutani na wasaidizi wazipange kwa makundi huku watu wakinywa chai. Hapo ndipo hazina inapoonekana kwa macho: mwanamke wa Mwamgongo ameandika kwamba anajua kutengeneza chanja ya kuanikia dagaa kwa mianzi na nyavu chakavu, na kadi tano za njano kutoka Uvinza zinauliza namna ya kuacha kuanika mchangani. Hakuna mtaalamu kutoka nje aliyehitajika kuwakutanisha. Kilichohitajika ni ukuta na muda. Mwandaaji asikimbilie kipindi kingine kabla watu hawajausoma ukuta huo kwa utulivu.

Mgeni rasmi

Itifaki ina heshima yake na haifai kupuuzwa, lakini kongamano lisifungwe mlangoni likimsubiri kiongozi ambaye ameitwa kwenye dharura nyingine. Njia inayofaa ni kuandika mapema kwa ofisi ya mkuu wa wilaya au ya mkuu wa mkoa, kuomba kiongozi afike saa tano badala ya saa tatu, na kueleza sababu: tungependa awasikie wananchi kwanza, ili atakapozungumza ajibu mambo waliyoyasema wenyewe. Washiriki wanne waliochaguliwa na meza zao waeleze, kila mmoja kwa dakika tano, yaliyojitokeza ukutani, na hayo ndiyo yawe risala. Kisha kiongozi azungumze kwa dakika kumi au kumi na tano, na akiweza, akae meza mojawapo kwa kipindi kimoja. Viongozi wengi hukubali pendekezo hili linapowasilishwa kwa adabu na kwa wakati, kwa kuwa nao wamechoka kusoma hotuba walizoandikiwa kuhusu mambo ambayo hawakupata nafasi ya kuyasikia. Akichelewa, kazi inaendelea. Atakapoingia, watu watasimama, watamkaribisha, na watamwonyesha walipofikia.

Njia za kujadiliana

Hapa ndipo waandaaji wengi huishia kwenye "tugawanyike vikundi vitatu," kisha kila kikundi kinatoa katibu, katibu anaandika, na wengine wanaangalia simu. Zipo njia zilizojaribiwa kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali, na zinafanya kazi vizuri hapa bila gharama yoyote ya ziada.

Ya kwanza na rahisi kuliko zote ni kukuza mazungumzo kwa hatua. Mwezeshaji anauliza swali, kila mtu anafikiri peke yake kwa dakika moja akiwa kimya, anazungumza na jirani yake kwa dakika mbili, wawili hao wanajiunga na wawili wengine kwa dakika tano, ndipo ukumbi unasikia jambo moja kutoka kwa kila wanne. Kimya cha mwanzo kisirukwe kwa kuona haya. Katika dakika hiyo mtu asiyezoea kusema hadharani anapata kupanga maneno yake, na anapofika kwenye kundi la wanne amekwisha kuyatamka mara moja, hivyo ana ujasiri.

Njia ya pili ni ya meza za kuzunguka, iliyoanza mwaka 1995 nyumbani kwa Juanita Brown na David Isaacs huko California, Marekani, na ambayo hujulikana kwa Kiingereza kama World Café. Kila meza ina mwenyeji mmoja asiyehama. Wengine hujadili kwa dakika 20, wakiandika na kuchora kwenye karatasi kubwa iliyotandikwa mezani, kisha hutawanyika kwenda meza tofauti tofauti. Mwenyeji huwapokea wapya, huwaeleza kwa ufupi waliotangulia wamefika wapi, na mazungumzo huendelea kutoka hapo. Baada ya mizunguko mitatu, wazo lililozaliwa meza ya pili limepita mikononi mwa watu kumi na tano. Wenyeji wa meza wachaguliwe kwa uangalifu. Mwenyeji anayehutubia wageni wake anaua mzunguko mzima.

Njia ya tatu inastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo inayowatisha waandaaji na ndiyo inayotoa matunda makubwa. Mwanzilishi wake, Mmarekani Harrison Owen, alikuwa ameandaa mkutano mkubwa kwa kazi ya mwaka mzima, kisha washiriki wakamwambia kwamba sehemu iliyokuwa nzuri kuliko zote ilikuwa mapumziko ya kahawa. Mwaka 1985 akaitisha mkutano ambao ratiba yake iliandikwa na washiriki wenyewe siku ile ile. Kwa kongamano letu, njia hii ipangiwe asubuhi ya siku ya pili, watu wakiwa wameshafahamiana. Ukutani uchorwe ubao wenye maeneo sita ya kukutania, kwa mfano chini ya mwembe, veranda, kona nne za ukumbi, na vipindi viwili vya dakika 50. Hizo ni nafasi 12. Washiriki wakae kwenye duara kubwa, mwezeshaji alirudie swali la kongamano, kisha amwombe yeyote mwenye jambo analolijali kwa dhati asimame, aliandike kwenye karatasi, alisome kwa sauti pamoja na jina lake, na alibandike kwenye nafasi anayoitaka. Aliyependekeza ndiye atakayeanzisha mazungumzo hayo na kuhakikisha yameandikwa.

Dakika ya kwanza kimya kitatawala, na mwandaaji atatamani kukivunja kwa kupendekeza mada zake. Asifanye hivyo. Mtu wa kwanza atasimama, kisha wa pili, na baada ya dakika kumi watu watakuwa wakigombea nafasi. Kanuni kuu ya njia hii ni kwamba mshiriki anayeona hajifunzi wala hachangii mahali alipo anaruhusiwa kuondoka kwa heshima na kwenda kwenye mazungumzo mengine. Kwa desturi yetu kuondoka mtu akizungumza huonekana ni dharau, hasa kama anayezungumza ni mzee, kwa hiyo kanuni hii itangazwe na mtu anayeheshimika, na ikiwezekana mzee mwenyewe aitumie kwanza ili vijana wapate ruhusa. Kikao kilichobaki na watu watatu wanaojali jambo lao hakijashindwa. Mara nyingi ndicho kinachoendelea kuishi baada ya kongamano.

Pale penye mgongano wa wazi, kwa mfano kati ya wavuvi na wasimamizi wa doria, itumike njia ya duara mbili. Viti vitano viwekwe katikati, wengine wote wakae kuvizunguka. Wanaozungumza ni walio katikati tu, na kiti kimoja huachwa wazi kwa yeyote wa nje anayetaka kuingia. Akiingia, mmoja wa waliomo anatoka. Ubishi unabaki kuwa mazungumzo ya watu wachache wanaotazamana usoni, na ukumbi mzima unasikia. Mwezeshaji wa kipindi hiki asiwe mtumishi wa upande wowote.

Washiriki wanawake waangaliwe kwa namna ya pekee, nami nalisema hili kwa msisitizo. Wachakataji wengi wa dagaa ni wanawake, na wengi wao hupewa dagaa kwa mkopo na wamiliki wa vyombo. Ukimweka mwanamke meza moja na mtu anayemdai, kisha ukamwomba aeleze jinsi bei inavyopangwa, atasema mambo ni mazuri. Mzunguko wa kwanza wa suala la bei na mikopo ufanywe na wachakataji peke yao, wakubaliane wenyewe ni yapi yatasemwa hadharani na kwa sauti ya nani, ndipo meza zichanganyike. Kiwepo pia chumba cha watoto wachanga na mlezi anayelipwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mabango ya ukumbini. Kuhusu lugha, mezani watu wazungumze Kiha au lugha yoyote inayowatoka kwa urahisi, na taarifa ya meza itolewe kwa Kiswahili.

Watoa mada

Wataalamu wanahitajika. Mtafiti wa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) anajua kuhusu ziwa mambo ambayo mvuvi hawezi kuyaona kutoka kwenye mtumbwi wake, na mkutano unaomnyamazisha umejipunja. Tatizo ni muda na namna. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara ya kawaida na ufundishaji unaomshughulisha mwanafunzi katika masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni, na wakaona kwamba wanafunzi wa mihadhara walikuwa na uwezekano wa kushindwa mara 1.5 zaidi. Kama kijana aliyezoea darasa anapotea kwenye mhadhara, mvuvi aliyekesha ziwani wiki iliyopita atapotea mapema zaidi.

Kila mtoa mada apewe dakika kumi na picha moja au mchoro mmoja, na aishie kwenye swali. Baada yake meza zijadili kwa dakika kumi na kuandika swali moja tu la kumrudishia, kisha ajibu maswali matano au sita yaliyo mazito. Hili huondoa pia zile hotuba za ukumbini zinazoanza kwa shukrani ndefu na kuishia bila swali, kwa kuwa meza imekwisha kuchuja. Mwandaaji azungumze na kila mtoa mada wiki mbili kabla, amsikilize akieleza hoja yake kwa simu bila slaidi, na amsaidie kuipunguza. Asiyekubali kupunguzwa aombwe kuandika karatasi itakayogawiwa.

Chai na chakula

Mapumziko yasipungue dakika 30, na yasitumiwe kufidia vipindi vilivyochelewa. Kwenye mabaraza ya kahawa ya Ujiji hakuna ajenda wala mwenyekiti, na mambo makubwa huzungumzwa pale kwa sababu kila mtu amekaa usawa na mwenzake. Mapumziko ya kongamano yanapaswa kufanana na hayo. Kusiwe na chumba cha pembeni cha kulia viongozi. Sahani za kauri kwa wachache na za plastiki kwa wengi hufuta kazi yote iliyofanywa asubuhi.

Kufunga na kufuatilia

Maazimio ya kurasa tatu yanayoanza na "Serikali ihakikishe" hayamfungi aliyeyasoma. Saa moja na nusu ya mwisho itumike kwa kila meza kuandika jambo moja ambalo watu wa meza hiyo watalifanya wenyewe, nani atalianza, na hatua ipi itakuwa imechukuliwa ndani ya siku 14. Mambo yanayohitaji Serikali yaandikwe kwenye orodha tofauti, kila moja likiwa na jina la ofisa aliyemo ukumbini atakayelibeba na tarehe ya kurudisha jibu. Karatasi zote zipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp kabla boti za jioni hazijaondoka, zikiambatana na maelezo mafupi ya sauti kwa wasiopenda kusoma.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu kwa mujibu wa sheria, na hapo ndipo taarifa ya kongamano inapopaswa kutua. Mwandaaji amsaidie kila mshiriki kuomba nafasi ya dakika kumi kwenye ajenda kupitia mtendaji wa kijiji. Baada ya siku 30, wasaidizi wale wanne wawapigie washiriki wote simu, kila mmoja watu 18, na waulize swali moja: umefanya nini ambacho usingekifanya kama usingekuja? Fomu ya tathmini inayojazwa mlangoni, mtu akiwa ameshika begi, inapima ubora wa chakula. Gharama ya simu hizo, ya taarifa ya kurasa nne na ya safari moja ya kutembelea meza zilizokwama itengwe kwenye bajeti siku ile ile ukumbi unapolipiwa, na isiguswe hata idadi ya wageni ikiongezeka.